Namna ya Kupanga na Kusoma Nyaraka za Familia ya Wakili wa Mji Mdogo wa Karne ya 19

Mtu anayerithi nyaraka za wakili aliyefanya kazi katika mji mdogo wa Marekani katika karne ya 19 kwa kawaida huzikuta ndani ya sanduku la bati au la mbao lililokaa darini kwa vizazi kadhaa, na wazo la kwanza linalomjia ni kwamba zimevurugika. Barua ya mke kwa mumewe imelala juu ya hati ya rehani ya shamba la mtu baki. Stakabadhi ya ada ya shule ya binti imefungwa pamoja na wito wa mahakama. Kuna hesabu za marehemu ambaye hakuna mwanafamilia aliyewahi kumsikia. Mara nyingi hazijavurugika hata kidogo. Wakili wa mji wa namna hiyo, hasa mji uliokuwa makao makuu ya kaunti na wenye jengo la mahakama katikati yake, alifanya mengi zaidi ya kusimamia kesi: alikusanya madeni kwa niaba ya wafanyabiashara wa miji mikubwa, aliuza na kununua ardhi, alisimamia mirathi, aliwaandikia barua wasiojua kuandika, aligombea nafasi katika bunge la jimbo, na ofisi yake pengine ilikuwa chumba kimoja cha nyumba aliyolala. Nyaraka za familia yake kwa hiyo ni nyaraka za nusu ya mji, na mchanganyiko unaouona ndivyo maisha yake yalivyokuwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzishughulikia bila kuufuta mchanganyiko huo.

Kabla ya kufungua utepe

Kazi ya kwanza ni kutogusa. Piga picha ya sanduku likiwa limefunguliwa, kisha piga picha ya kila tabaka kadiri unavyoliondoa, na ulipe kila bunda namba inayoonyesha lilipokuwa: sanduku la kwanza, tabaka la pili, bunda la tano. Namba hiyo iandikwe kwa penseli laini kwenye kipande cha karatasi kinachowekwa pamoja na bunda, wala isiandikwe juu ya hati yenyewe. Usilifungue bunda la pili kabla hujamaliza la kwanza na kulirudisha mahali pake.

Sharti hili linatokana na kanuni mbili ambazo wahifadhi nyaraka wa Ulaya walizijenga katika karne hiyo hiyo ya wakili wetu. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa iliagiza kwamba nyaraka zilizotoka katika chanzo kimoja zikae pamoja, zisigawanywe kwa mada. Na mwaka 1881 hifadhi ya nyaraka ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, ikaongeza kwamba ndani ya chanzo hicho ule mpangilio wa mwenye nyaraka nao uheshimiwe. Sababu yake inaonekana vizuri kwa Abraham Lincoln, aliyekuwa wakili mjini Springfield, Illinois, tangu mwaka 1837 hadi alipoondoka mwaka 1861 kwenda kuwa rais. Mshirika wake wa mwisho katika uwakili, William Herndon, alisimulia kwamba ofisini mwao kulikuwa na bunda ambalo Lincoln aliliandika kwa mkono wake kuwa kitu kikikosekana kila mahali, kitafutwe humo. Anayelichukua bunda kama hilo na kulipanga kwa tarehe atapata orodha safi ya barua, lakini hatajua tena kwamba hizo ndizo barua ambazo mwenyewe alishindwa kuzipatia mahali.

Nilipokuwa mwanagenzi wa kazi hii niliwahi kufungua mabunda matatu juu ya meza moja, nikiamini kwamba nitakumbuka kipi kimetoka wapi. Kufikia adhuhuri nilikuwa na rundo moja la karatasi zaidi ya mia, pamoja na stakabadhi ya dola 4 isiyo na jina ambayo hadi leo sijui ilitoka katika bunda lipi.

Mikono, karatasi na wino

Osha mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, na ushike hati kwa mikono mitupu. Glovu za pamba, ambazo watu wengi huzidhania kuwa lazima, hupunguza hisia ya vidole na hunasa kingo zilizochakaa; zihifadhi kwa ajili ya picha, hasa zile za kale zilizotengenezwa juu ya bamba la chuma au kioo. Mezani pasiwe na kalamu ya wino, chai, wala gundi. Utepe wa gundi wa aina yoyote usitumike kuunganisha mpasuko, hata ule unaouzwa kwa jina la utepe wa kudumu, kwa kuwa gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia ambalo fundi wa kurekebisha karatasi huhangaika nalo kuliko mpasuko wenyewe.

Utashangaa kuona kwamba barua ya mwaka 1830 ina nguvu kuliko barua ya mwaka 1890. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na nyuzi zake ndefu zinavumilia kukunjwa. Katika nusu ya pili ya karne viwanda viligeukia mbao, na karatasi ya mbao iliyotiwa shabu ndani yake hujitengenezea asidi, hugeuka manjano, na mwishowe huvunjika kama jani kavu. Kwa hiyo uangalifu mkubwa zaidi uuweke kwenye nyaraka za mwisho wa karne, na vipande vya magazeti vilivyochomekwa kati ya barua vitengwe katika bahasha yao wenyewe, vikiachwa na maelezo ya mahali vilipotoka, kwa sababu asidi yao huhamia kwenye karatasi jirani na kuacha kivuli chao.

Wino nao una tabia yake. Wino wa kahawia unaouona katika barua nyingi ulikuwa mweusi ulipoandikwa; ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gamu, na penye wino mzito unaweza kuila karatasi hadi herufi ikaanguka na kuacha tundu lenye umbo lake. Karatasi ya namna hiyo isiloweshwe wala kutiwa unyevu nyumbani, kwa kuwa maji huisambaza asidi ya wino huo. Hii ndiyo sababu hata kazi inayoonekana nyepesi, yaani kulainisha kwa mvuke karatasi iliyokunjwa na kukauka, iachwe kwa fundi ikiwa wino umeanza kula. Karatasi nyingine zote zikunjue pole pole, uzilaze kati ya karatasi safi zisizo na asidi, na uweke uzito mwepesi juu yake kwa siku chache. Mkunjo hautatoka wote na hauna haja ya kutoka.

Pini zilizoshika kutu zitolewe kwa kuteleza kipande chembamba cha plastiki ya poliesta kati ya pini na karatasi, si kwa kuvuta. Lakiri iliyopigwa muhuri usiibandue. Kama kuna unga wa kijani au mweusi na harufu ya chumba kilichofungwa, hiyo ni kuvu: litenge sanduku hilo mbali na mengine, vaa barakoa, likaushe mahali penye hewa, na usisugue mpaka likauke kabisa.

Soma mgongo kwanza

Hapa ndipo nyaraka za wakili zinapotofautiana na za mkulima au mwalimu. Kabla makabati ya majalada yaliyosimama hayajaenea mwishoni mwa karne, wakili aliihifadhi hati kwa kuikunja mara tatu au nne hadi ikawa ndefu na nyembamba, akaiingiza katika vijishubaka vya dawati lake, na juu ya upande uliobaki nje akaandika muhtasari wa kilichomo. Mabunda yalifungwa kwa utepe wa pamba mwekundu au wa rangi ya waridi. Upande huo wa nje, ambao nitauita mgongo, ndio fahirisi ya ofisi nzima, na aliyeuandika alijua anachokiandika.

Tuseme umeshika karatasi ya namna hiyo, upana wake vidole vinne. Juu kabisa pana jina la mdai, chini yake “vs.”, kisha jina la mdaiwa na mstari mfupi. Chini ya mstari kuna neno moja linalotaja aina ya hati: kiapo, hoja, jibu la madai, ankara ya gharama. Kisha kwa mwandiko mwingine, wenye haraka zaidi, kuna neno la Kiingereza “Filed”, tarehe, na sahihi ya karani wa mahakama. Chini kabisa pana jina la wakili, na pembeni, kwa penseli, “$5 pd”. Bila kuifungua karatasi hiyo umeshajua kesi, hatua iliyofikiwa, siku ilipopokelewa mahakamani, na kwamba ada ya dola 5 ililipwa. Unakili mgongo mzima katika daftari lako kabla ya kukunjua, ukitofautisha miandiko, kwa maana penseli ile ni ya wakili akiwa peke yake usiku, na wino ule ni wa karani akiwa kazini.

Kuwa mwangalifu na tarehe. Hati ya ardhi ina angalau tarehe tatu: siku iliyotiwa sahihi, siku mhusika alipokiri sahihi yake mbele ya ofisa, na siku ilipoandikishwa katika kitabu cha hati cha kaunti, pamoja na namba ya kitabu na ukurasa. Pengo la miaka kadhaa kati ya ya kwanza na ya mwisho si la ajabu, kwa kuwa wengi walikaa na hati nyumbani mpaka ugomvi ulipowalazimisha kuiandikisha. Katika orodha yako andika zote tatu. Namba ya kitabu na ukurasa ina faida ya ziada: nakala ya hati hiyo huenda bado ipo katika ofisi ya kaunti, na nyaraka zako zitasomeka pamoja nayo.

Utakutana pia na vifupisho vinavyomkwamisha msomaji mpya. Herufi “L.S.” ndani ya duara lililochorwa kwa kalamu zinasimama mahali pa muhuri. Maneno “et ux.” baada ya jina la mwanamume yana maana ya “na mkewe”. Neno “do” katika safu ya hesabu halina uhusiano na kutenda. Ni alama ya kusema “kama hapo juu”. Na usipojua kwamba “ult.” ni mwezi uliopita na “inst.” ni mwezi huu, utaipa barua tarehe isiyo yake: “barua yako ya tarehe 28 ult.” iliyojibiwa Machi 3 iliandikwa Februari.

Kugawa bila kutenganisha

Baada ya kunakili migongo utaona makundi yakijitokeza yenyewe: mambo ya familia, mambo ya ofisi, nyadhifa za umma ambazo wakili alizishika, na nyaraka za watu wengine zilizoishia mikononi mwake. Makundi hayo yawe katika orodha yako tu, na si katika masanduku, pale ambapo wakili mwenyewe alivifunga vitu pamoja. Barua inayoanza na kesi ya ng'ombe aliyeingia shambani na kumalizia kwa salamu za mama mkwe haina sehemu moja. Iache ilipo na uitaje mara mbili.

Kundi la nne linahitaji maelezo zaidi. Mtu alipofariki na wakili akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, alichukua karatasi zote za marehemu ili ajue nani anadai na nani anadaiwa, na mirathi ilipofungwa karatasi hizo mara nyingi hazikudaiwa na yeyote. Kwa hiyo ndani ya nyaraka za familia hii unaweza kukuta nyaraka kamili za familia nyingine, kuanzia barua za mapenzi hadi hati za ahadi ya kulipa deni. Hizo zina chanzo chao na zistahili kuorodheshwa kwa jina lao, zikiwa na maelezo ya namna zilivyofika hapo: mkusanyiko ndani ya mkusanyiko. Mara nyingi kiungo kati ya familia hizo mbili ni karatasi moja tu, yaani barua ya mahakama ya kumteua msimamizi, na ikipotea hiyo, wajukuu wa wakili watadhani wamepata babu mpya.

Wanawake huzama kwa urahisi katika nyaraka za aina hii. Kwa sheria ya zamani ya Kiingereza iliyorithiwa na majimbo mengi, mali ya mwanamke aliyeolewa iliangukia mikononi mwa mumewe, na ingawa Mississippi ilianza kulegeza sheria hiyo mwaka 1839 na New York ikafuata mwaka 1848, mabadiliko hayakuja kila mahali kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kwamba mke huitwa kwa jina la mume, na barua zake husainiwa herufi moja. Lakini mjane alikuwa na haki yake katika ardhi ya mumewe, na ili mnunuzi asije akadaiwa baadaye, mke alitakiwa kuiachilia haki hiyo. Katika majimbo mengi ofisa alimhoji faragha, mbali na mumewe, kisha akathibitisha kwa maandishi kwamba amekubali bila kutishwa. Thibitisho hilo, lililo mwishoni mwa hati au mgongoni, ndilo mahali pa kupata jina lake mwenyewe alilopewa utotoni. Lisome hata kama maneno yake ni yale yale katika kila hati.

Barua isiyo na mwaka

Watu wa karne ya 19 waliandika “Jumanne asubuhi” na kuridhika. Mwaka utautafuta katika vitu vinavyoizunguka barua, na hapa Marekani ya wakati ule inatusaidia sana kwa sababu ilipenda kubadili ada na kodi.

Anza na umbo. Kabla ya Julai 1845 gharama ya posta ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, hivyo bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili; ndiyo maana barua ilikunjwa yenyewe, anwani ikaandikwa nje, na ikafungwa kwa lakiri. Kuanzia mwaka huo malipo yakawa kwa uzito: senti 5 kwa nusu aunsi ndani ya maili 300, na senti 10 kupita hapo. Stempu za kwanza za taifa zilitolewa mwaka 1847. Mwaka 1851 ada ilishuka hadi senti 3 kwa barua iliyolipiwa mapema. Mwaka 1855 kulipia mapema kukawa lazima, na mwaka 1856 kubandika stempu kukawa lazima pia. Senti 3 zilidumu hadi Oktoba 1883, zilipokuwa 2. Barua yenye alama ya posta inayosema mpokeaji alipe senti 5, kwa mfano, haiwezi kuwa ya mwaka 1860. Karatasi iliyoandikwa wima na kisha kuandikwa tena kwa ulalo juu ya mistari ile ile mara nyingi ni ya mtu aliyekuwa akiikwepa gharama ya karatasi ya pili. Isome ukiigeuza robo mzunguko, mstari mmoja mmoja, na macho yatazoea.

Kwa hati za kisheria shahidi bora ni stempu ya kodi. Ili kugharimia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, serikali ya shirikisho iliagiza kuanzia Oktoba 1, 1862 kwamba hati za ardhi, mikataba, hati za ahadi na karatasi nyingine nyingi zibandikwe stempu, na aliyeibandika aifute kwa kuandika juu yake herufi za jina lake na tarehe. Kodi hiyo kwa hati nyingi iliondolewa Oktoba 1, 1872. Muongo mmoja, basi, na tarehe imeandikwa juu ya stempu yenyewe. Katika majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani wakati wa vita hivyo usiitegemee kabla ya vita kwisha mwaka 1865. Picha zilitozwa pia, kwa muda mfupi zaidi: tangu Septemba 1864 hadi Agosti 1866. Picha ndogo ya familia iliyobandikwa juu ya kadi na yenye stempu mgongoni imepata tarehe yake ndani ya miezi 23, jambo ambalo nguo na mitindo ya nywele haviwezi kulifanya. Usiibandue stempu hiyo kwa kuwa mtu amekwambia ina thamani sokoni.

Namna ya kuandika nayo inasema. Herufi ndefu ya “s”, inayofanana na “f”, ilidumu katika mwandiko wa wazee kwa miongo kadhaa ya karne hiyo, hasa kama “s” ya kwanza kati ya mbili. Barua ya taipu katika nyaraka hizi haitangulii mwaka 1874, mashine ya Remington ilipoingia sokoni, na ile ya kwanza iliandika herufi kubwa tupu; herufi ndogo zilikuja na mashine ya mwaka 1878. Ukiona kitabu chenye mamia ya kurasa za karatasi nyepesi kama ngozi ya kitunguu, kilichojaa barua zilizofifia za rangi ya zambarau au kahawia, hicho ni kitabu cha nakala: ukurasa ulilowanishwa kidogo, barua iliyoandikwa kwa wino maalumu ikawekwa chini yake, na vyote viwili vikabanwa kwa mashine ya skrubu, mbinu ambayo James Watt aliipatia hataza mwaka 1780. Wino ulishika upande wa chini ukiwa kinyume, ndipo husomwa kutokea upande wa pili, wino ukiwa umepenya karatasi. Ili kuisoma au kuipiga picha, weka karatasi nyeupe nyuma ya ukurasa mmoja tu. Kitabu hiki ni hazina kwa sababu kina barua alizozituma wakili, ilhali mabunda yana zile alizozipokea. Weka fahirisi yake mapema.

Hatimaye tazama hesabu za fedha. Hesabu zenye senti 6¼, 12½ au 37½ zinamshtua asiyezizoea, lakini zina asili yake: sarafu za fedha za Kihispania zilikuwa fedha halali Marekani hadi mwaka 1857, na dola ya Kihispania iligawanyika katika reali nane, kila reali senti 12½. Leja ya ofisi iliyojaa nusu na robo za senti ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Mashamba

Juu ya ramani na maelezo ya mipaka sitakaa sana, ila vipimo lazima uvijue. Mnyororo wa mpima ardhi ni futi 66, una pete 100, na minyororo 80 ni maili moja. Eneo la minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Katika majimbo ya kale ya mashariki, na machache ya kusini, mpaka husimuliwa kwa kutembea: kutoka kwenye mwaloni mweupe, minyororo 14 kuelekea kaskazini, hadi kwenye jiwe la kona ya jirani. Kuanzia Ohio kwenda magharibi ardhi nyingi iligawanywa kwa mraba wa maili sita kwa sita wenye vipande 36 vya ekari 640. Hati ikisema robo ya kaskazini-magharibi ya kipande fulani, hiyo ni ekari 160 na unaweza kuionyesha katika ramani ya leo. Ile ya mwaloni itakutaka utafute hati za majirani.

Majina ya watu waliouzwa

Wakili akiwa alifanya kazi katika jimbo lililoruhusu utumwa, utayakuta. Orodha ya mali ya marehemu inashuka kutoka meza na vitanda hadi farasi, na bila kubadili mwandiko inaendelea na mwanamke, umri wake, mtoto wake mchanga, na bei. Kuna hati za mauzo, kuna rehani ambazo watu ndio dhamana yake, na kuna mikataba ya kumkodisha mtu kwa mwaka mzima, mara nyingi kuanzia Januari mosi. Nimeona waandaaji wa orodha wakifupisha kurasa hizo kwa maneno “hesabu za mirathi” na kupita. Ufupisho huo unawaumiza wasomaji ambao hawana mahali pengine pa kutafuta.

Sensa za mwaka 1850 na 1860 ziliandika majina ya watu huru wote, lakini watu waliofanywa watumwa ziliwahesabu chini ya jina la mmiliki, kwa umri na jinsia, kwa kawaida bila majina. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina kama raia wengine. Mjukuu anayetaka kuvuka nyuma ya mwaka huo anategemea karatasi kama hizi zako. Kwa hiyo kila jina liingie katika orodha yako peke yake, pamoja na umri kama ulivyoandikwa, uhusiano wowote uliotajwa, jina la mmiliki, tarehe, kaunti na namba ya bunda. Unaponakili, maneno ya hati yaache yalivyo hata kama yanachoma. Unapoeleza kwa maneno yako, sema ni watu waliofanywa watumwa. Bei usiifute.

Karatasi za baada ya vita nazo zisipuuzwe. Madai ya pensheni ya askari na wajane wao yalipita kwa mawakili wa miji midogo kwa wingi, ingawa sheria ya mwaka 1864 ilizuia ada ya wakili isizidi dola 10. Mjane alilazimika kuthibitisha ndoa na kuzaliwa kwa watoto, na pasipo cheti alileta viapo vya majirani na vya mkunga aliyekuwepo. Rasimu zilizobaki kwa wakili wakati mwingine zina maneno aliyoyafuta kabla ya kuyatuma Washington. Nakili na yaliyofutwa pia. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya sensa ya mwaka 1890 iliharibika kwa moto wa mwaka 1921, viapo hivyo vya muongo huo vina uzito kuliko vinavyoonekana.

Siri, haki na makabidhiano

Swali ambalo warithi wa wakili hulisahau ni la siri ya mteja. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wajibu wa wakili kutunza siri ya mteja haumaliziki kwa kifo cha mteja. Kesi ile ilihusu maandishi ya wakati wetu, na kwa mafaili ya mwaka 1850 hatari ni ndogo sana. Hata hivyo, mtoto au mjukuu akiendeleza ofisi hiyo hiyo hadi karne ya 20, yatenge mafaili ya karibuni na utafute ushauri kabla ya kuyafungua kwa umma. Hakimiliki ni nyepesi zaidi: maandishi ambayo hayakuchapishwa hulindwa kwa maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake, na haki hiyo ni ya aliyeandika barua au warithi wake, wala si ya aliyeipokea.

Ukiamua kuzikabidhi kwa maktaba, chuo au chama cha historia cha kaunti, zikabidhi pamoja, na mfanye hati ya zawadi inayosema nani ana mamlaka ya nini, na kama kuna sehemu zitakazofungwa, zifungwe hadi lini. Robert Todd Lincoln alimpa taifa nyaraka za baba yake kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka miaka 21 ipite tangu kifo chake mwenyewe; alifariki Julai 26, 1926, na Maktaba ya Bunge ikazifungua Julai 26, 1947. Sharti lenye tarehe linatekelezeka. Sharti la “mpaka familia itakaporidhika” humwacha mhifadhi bila wa kumuuliza.

Ukibaki nazo nyumbani, dari na chumba cha chini ya ardhi havifai. Chumba cha kulala chenye hali ya hewa isiyobadilika, chini ya nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 35 hadi 50, ni bora kuliko vyote viwili. Tumia majalada na masanduku yasiyo na asidi wala lignini (kitu kilichomo ndani ya mbao ambacho huharibu karatasi), na plastiki ikihitajika iwe poliesta au polipropilini, kamwe isiwe ile laini yenye harufu. Picha za kidijitali zipigwe kwa ubora wa nukta 400 kwa inchi au zaidi, mgongo kwanza kisha ndani, na jina la faili lianze na namba ya bunda uliyoitoa siku ya kwanza.

Mwishoni, chini ya sanduku, patabaki vipande: kona ya karatasi yenye nusu ya jina, utepe uliokatika, punje za lakiri, bahasha tupu. Tia kila kipande katika bahasha yake, andika nje tabaka kilipookotwa, na uirudishe sandukuni nyuma ya bunda la mwisho, maana kona ile yenye nusu ya jina huenda ikakutana na nusu yake utakapofika kwenye sanduku la pili.